Kuhama mtaa kwa ajili ya watoto: mkubwa ana 16, mdogo 7

Mama Neema, Houston:
Wanajamvi, habari za siku. Mkataba wetu wa apatimenti huku kusini-magharibi unaisha Julai, na baba watoto anataka tuhamie Katy, mji mdogo pembeni mwa Houston. Kifungua mimba wangu wa miaka 16 ameanza kurudi usiku na kujibu ovyo. Kitinda mimba ana 7, bado anaamkia wakubwa. Baba yao analaumu mtaa. Kodi ya nyumba huko itatukamua kweli kweli. Je, kuhama kunasaidia?

Baba Salma, Chicago:
Dada, heri umeuliza kabla ya kusaini. Wamarekani walishalipima jambo hili. Kuanzia 1994 serikali iliendesha mradi wa Moving to Opportunity katika miji mitano, huku kwetu ikiwemo. Familia zipatazo 4,600 ziliingia bahati nasibu, na baadhi zikapewa vocha ya kusaidia kulipa kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Kipato cha wazazi hakikupanda, watu wakakata tamaa na mradi. Mwaka 2015 mchumi Raj Chetty na wenzake wakawaangalia watoto, sasa wameshakuwa watu wazima: waliohama kabla ya miaka 13 walikuwa wakipata karibu theluthi moja zaidi ya wenzao wasiopewa vocha. Waliohama wakubwa hawakufaidika, pengine walirudi nyuma kidogo.

Kwa hiyo huyo wa 7 ndiye wa kuhama kwa ajili yake. Wa 16 utamtenga na kocha na walimu waliomzoea, na wale marafiki unaowakimbia atakuwa nao kwenye simu.

Lakini usitazame bustani na rangi za nyumba. Mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake walihoji wakazi zaidi ya 8,000 wa Chicago, wakachapisha 1997. Waliuliza mambo kama haya: watoto wakitoroka shule na kukaa kijiweni, majirani watasema? Mtoto akimvunjia heshima mtu mzima, je? Mitaa ambayo watu wanaaminiana na wako tayari kusema ilikuwa na ukatili mdogo, hata umaskini ukizingatiwa. (Sisi tuliochapwa na mama wa jirani, kisha tukaongezewa nyumbani, tungewaambia bure.)

Nendeni Katy jioni ya Jumamosi, bila dalali. Watoto wako nje? Nani anawaangalia? Kuna mitaa mizuri ambayo watu wanaingia gereji na gari, mlango unashuka, humwoni mtu hadi kesho. Kama hapo mlipo kuna akina mama wanaokupigia simu wakimwona mwanao nje saa nne usiku, hiyo nayo ihesabu. Na mkiongeza zamu ili mlipe kodi, nani atakuwa nyumbani mdogo akishuka kwenye basi la shule?

Mama Imani, Columbus:
Shikamoo kaka. Naongezea: katika mradi huo huo wasichana walitulia, ila wavulana waliokuwa wamebalehe baadhi walizidi kusumbua. Mama Neema, mkubwa ni wa kiume?

Kabla ya Katy, tafuteni mtaa mtulivu ndani ya wilaya ya shule mliyomo, na muulize ofisi ya shule kama kijana ataruhusiwa kumalizia hapo hapo. Ramani ya Opportunity Atlas, iliyotoka 2018, ni bure: inaonyesha waliokulia kila eneo dogo waliishia na kipato gani. Mitaa miwili inayopakana hutofautiana sana. Fanyeni mapema, maana shule za Texas hufunguliwa Agosti.