Naomba ushauri: insha ya binti yangu kuhusu uhuru wa dini

Hamjambo wenzangu. Binti yangu, kidato cha tatu hapa Mombasa, ameingia shindano la insha kuhusu uhuru wa kuabudu. Amenakili Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, akaongeza cha 8 kisemacho hakuna dini ya taifa, basi. Kavu kama mkate wa juzi! Namwambia aanze na kwetu Majengo: jirani Mkristo anavyosukuma nasi mahamri ya futari, na Krismasi sisi ndio tunaomkunia nazi. Yeye asema majaji wataona porojo. Ataka aandike alivyoamrishwa kuvua mtandio shule yake ya zamani, mbele ya darasa zima. Hapo nasita. Aiweke habari hiyo, ama aiache? Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.