Mrejesho: Uhakiki wa Macbeth yenye joka na simu

Wapendwa, nilikuja kuuliza nitahakiki vipi tamthilia iliyochanganya Macbeth ya Shakespeare na fantasia ya kisasa: wachawi watatu wanatabiri kupitia simu, na joka linazunguka juu ya ngome. Mlinishauri niache kuhesabu vilivyobadilishwa, nijiulize uchawi ule unamfanyia nini mhusika. Nilirudi kuitazama mara ya pili nikiwa na swali hilo moja tu. Uhakiki umekamilika.

Wachawi wa simu wamenikosha kabisa. Macbeth anasoma utabiri kwamba atakuwa mfalme akiwa peke yake, mwanga wa skrini umempiga usoni, na hakuna anayemshurutisha. Kosa linabaki kuwa lake, kama Shakespeare alivyoliweka. Joka ndilo lililoniuma. Eti ndilo linalomuua Mfalme Duncan, ambaye kwa Shakespeare anauawa na Macbeth mwenyewe! Sasa kama mikono ya watu ni safi, Lady Macbeth, mke wa Macbeth, ananawa damu gani usingizini? Hapo nimeandika aya tatu bila kumung'unya maneno.

Mzimu wa Banquo, rafiki aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, nao umepata nafasi yake. Chapa ya 1623 ya tamthilia ya Shakespeare inauelekeza uingie na kukaa kwenye kiti cha Macbeth. Hawa walitumia kivuli cha taa, kiti kikabaki kitupu, na ukumbi mzima ukanyamaza kimya. Nilisisimka mwili. (Mavazi nimeyapa sentensi moja, yanatosha.)

Uliyenionya nisifichue mwisho, asante sana. Ile aya ya mwisho nimeifuta.