Ulinganisho: Njia ipi ya kusoma mawazo kwa kadi za chemshabongo inafaa mbele ya wazazi?

Mlezi wa Klabu (Nyegezi)
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninalea klabu ya chemshabongo ya wanafunzi wa sekondari, na siku ya kufunga muhula ningependa kuwaonyesha wazazi kiinimacho kwa kutumia kadi zetu wenyewe: mwanafunzi anachagua kadi, anasoma swali kimyakimya, analiwaza jibu, nami ninalitaja. Kadi tumezikata kwa manila, na maswali mengi ni ya huku kwetu: Mwingereza aliyefika kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1858 (John Hanning Speke), kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani (Ukerewe), na kadhalika.

Nina njia tatu mkononi. Ya kwanza ni kukata na kukingamisha. Kadi ninayoijua inakaa juu ya fungu. Mwanafunzi anakata, anaweka sehemu ya juu mezani, nami ninaiweka sehemu ya chini juu yake kwa kuikingamisha, kana kwamba ninatia alama mahali alipokatia. Baadaye ninainua sehemu iliyo juu na kumwomba achukue kadi aliyoikatia, kumbe ni ileile iliyokuwa juu tangu mwanzo. Ya pili ni ya kadi 21: unazipanga safu tatu za kadi saba saba, anataja safu yenye kadi yake, unaikusanya safu hiyo katikati ya nyingine mbili, unarudia hadi mara tatu, na kadi yake inakuwa ya 11. Ya tatu ni ya karatasi za namba, ambayo bado sijaielewa vizuri. Mngechagua ipi?

Fundi wa Kiinimacho (Kirumba)
Mwalimu, ya pili iache. Kwa karata za kawaida ni nzuri, kwa sababu mtu akitupa jicho tu anaiona karata yake. Kadi za maswali zina maandishi, kwa hiyo mwanafunzi atalazimika kusoma kadi baada ya kadi, tena mara tatu, ili ajue safu yake ni ipi, na wazazi watakuwa wameanza kuzungumza mambo yao.

Ya kwanza ndiyo yenye nguvu, ila siri yake haimo mikononi bali katika muda. Ukishakingamisha, usiiguse kadi yoyote. Mgeukie mwanafunzi, umwulize anapenda somo gani, uwaeleze wazazi kwamba hakuna aliyemwelekeza mahali pa kukata. Sekunde ishirini hivi zinatosha kumfanya kila mtu asahau sehemu ipi ilikuwa juu. Ukiinua mara moja bila maneno, mwenye macho makali atakukamata.

Mama Igoma
Naomba niulize jambo ambalo naona limepitwa. Mtoto akipewa kadi kwa njia ya kukata, kisha jibu halijui, atawaza nini? Utasimama mbele ya wazazi wake ukimwambia "waza jibu", naye anatetemeka kwa sababu hana cha kuwaza. Hilo linamwaibisha mtoto na linaua mchezo papo hapo. Kadi utakayoiweka juu iwe na swali ambalo hata wa kidato cha kwanza analijua, kwa mfano mwaka wa Muungano.

Pia waambieni watu mapema kwamba hiki ni kiinimacho. Kuna wazee kati yetu ambao wakisikia kusoma mawazo wanafikiria ramli, na sitapenda klabu ya watoto ipate jina hilo.

Mwalimu wa Hisabati (Nansio)
Dada yangu wa Igoma amegusa kiini cha jambo, na ndiyo maana mimi ninaitetea njia ya tatu. Chukua maswali 31 na uyape namba 1 hadi 31 katika daftari lako. Andaa karatasi tano za rangi tofauti, na kila rangi ibebe thamani yake: 1, 2, 4, 8 na 16. Kila swali liandikwe, bila namba, kwenye zile karatasi ambazo thamani zake zikijumlishwa zinatoa namba ya swali hilo. Swali la 19 litaandikwa kwenye ya 16, ya 2 na ya 1. Swali la 12 kwenye ya 8 na ya 4. Kila karatasi itakuwa na maswali 16.

Mwanafunzi anachagua swali lolote *analolijua*, kisha anakuambia rangi za karatasi zenye swali hilo. Unajumlisha kichwani, unapata namba, unataja jibu. Hakuna kadi iliyoguswa, na mtoto amechagua kwa hiari yake kweli. Gharama yake ni kwamba lazima ukariri majibu yote 31 kwa mfuatano wake.

Kijana wa Bwiru
Nyongeza ndogo kwa watakaotumia kadi. Manila nyepesi ikielekezwa dirishani huonyesha maandishi kwa nyuma, na kadi iliyokatwa kwa mkono ikizidi wenzake hata kidogo hujitokeza kwenye fungu. Msifanyie nje alasiri, kwa sababu upepo wa ziwani utazipeperusha. Zile za dukani za Trivial Pursuit, mchezo uliobuniwa Kanada mwaka 1979, zina maswali sita upande mmoja na majibu yake upande wa pili, kwa hiyo mwanafunzi akikushikia swali usoni pake, majibu yanakutazama wewe, na ukumbi mzima utaona hivyo.

Mlezi wa Klabu (Nyegezi)
Nawashukuru sana. Je, kukata na karatasi za rangi vinaweza kufuatana katika onyesho moja?

Fundi wa Kiinimacho (Kirumba)
Vinaweza, Mwalimu, ukianza na kukata. Kwa kuwa wazazi watakuwa wameanza kuyachunga macho yao kwenye vidole vyako, zile karatasi za rangi azishike mwanafunzi mwenyewe, nawe usimame mbali na meza. Kila njia ifanye mara moja tu, hata wakikuomba urudie.