Ramani ya simu imenipeleka ziwani Kibirizi, anairekebisha nani?

Boda_wa_Gungu: Wakuu, salamu. Juzi nimembeba mgeni kutoka stesheni, mabegi mawili, simu mkononi. Gesti yake iko Kibirizi, hapa Kigoma, njia naijua hata usiku bila taa. Akasema "wewe fuata ramani." Haya, mteja ni mteja. Ile sauti ikatuambia tukate kushoto, tukakata, mbele maji! Paa la banda la dagaa limechomoza na watoto wanajirusha majini kutoka juu yake, wanacheka. Njia ilikuwepo kweli, kabla ziwa halijapanda. Mgeni akanitazama kama mimi ndiye niliyeijaza Tanganyika, na kwenye nauli akanikata buku.

Hizi ramani anazirekebisha nani? Vijana wa kijiweni kwetu siku hizi ukiwaelekeza "pale kwenye mwembe" wanakujibu tuma lokesheni.

Fundi_Simu: Pole mkuu. Ya Google unapendekeza badiliko, wao wanakagua. OpenStreetMap, ile ya watu wa kujitolea iliyoanza 2004, unafungua akaunti unarekebisha mwenyewe. Ila barabara usiifute, weka kwamba haipitiki. Maji yakishuka je?

Mzee_Ujiji: Na yatashuka. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Stanley alipomkuta Livingstone hapa kwetu Ujiji 1871, maji yalikuwa jirani na ule mwembe waliokutania. Miaka michache baadaye Lukuga uliokuwa umeziba ukajizibua, ziwa likarudi nyuma. Leo kutoka kwenye mnara wao wa kumbukumbu hadi majini ni mwendo. Ramani ya simu inajua siku ile tu ilipopigwa picha. Halafu hebu andika Ujiji humo: Livingstone, Livingstone, Livingstone. Wanapouza migebuka hupaoni.

Mtoto_wa_Mwanga: Mwisho wa reli hadi boda anapotea 😂

Boda_wa_Gungu: Cheka tu. Mzee shikamoo, asante. Nimefungua akaunti jana usiku, ile njia nimeshaiweka haipitiki. Nimekwama kwenye jina la kijiwe chetu. Wote tunaita Kwa Mama Mawese, lakini mama alishahama zamani, sasa pale ni duka la saruji. Niandike lipi?

Fundi_Simu: Duka liandike kama duka. Kijiwe kiwekee alama yake pembeni, uandike Kwa Mama Mawese.