Haba soda, kitunguu saumu au unga wa River Road kwa mzunguko wa damu?

Kijana_Kayole: Habari wadau. Mamangu miguu inamfa ganzi na usiku inakuwa baridi. Jumamosi naenda mjini kumtafutia dawa. Nimeona mafuta ya haba soda Eastleigh, vidonge vya kitunguu saumu kwa duka la dawa, na unga wa mizizi River Road. Bei hazipishani sana. Nichukue ipi?

Bi_Tangawizi: Ana miaka mingapi? Anameza dawa gani? Amepimwa sukari? Ganzi ya miguu mara nyingi ni sukari imeharibu neva.

Mpita_Njia: Haba soda, basi. Kijiko na asali asubuhi.

Wa_Dagoretti: Swali la dawa si la mchezo. Mzee wangu alikuwa kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana damu iliwahi kumganda mguuni. Jirani akamletea kitunguu saumu na tangawizi zilizosagwa, gilasi kila asubuhi. Fizi zikaanza kutoka damu, akalaumu mswaki, akanunua mwingine. Siku moja akajikata kidogo akinyoa, shati zima likalowa. Hospitalini daktari anamuuliza anakunywa nini kingine, mzee anajibu, "Chai tu." Ni mama aliyeitaja ile chupa ya kwenye friji.

Msoma_Utafiti: Kitunguu saumu hushusha presha kidogo kwa wenye presha. Kwa mishipa ya miguu iliyoziba, mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalipata jaribio moja tu, watu 78, wiki 12: hawakutembea mbali kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ginkgo, dawa ya majani ya mti wa Kichina, pia haikuonyesha faida ya maana. Kinachosaidia hapo ni kutembea: ukiumwa pumzika, kisha endelea.

Mpita_Njia: Haba soda umeiruka.

Msoma_Utafiti: Imepimwa kwa presha na sukari, inashusha kidogo. Kijana anauliza miguu. Huo unga nao, uliza namba ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu. Zingine hutiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kisiri.

Mpita_Njia: Nyanya yangu alitumia mizizi, akafika miaka tisini.

Wa_Dagoretti: Na alitembea kwenda mtoni kila siku. Wewe unapanda boda kwenda dukani.

Kijana_Kayole: Nilikuwa kazini. Ana 63. Anameza za presha na kingine kidogo cheupe, jina silijui. Sukari hajapimwa.

Bi_Tangawizi: Kidogo cheupe ndicho kipi? Piga picha ya pakiti, na Jumamosi mpeleke kwanza apimwe sukari.

Mama_Zai: Mkiwa hapo kwa tangawizi, Marikiti gunia ni ngapi siku hizi?

Wa_Dagoretti: Fika kabla jua halijatoka, na uikatae iliyooshwa. Inaoza haraka.