Tupeane uzoefu: Maji ya bara yakishuka Sabaki, unaamua vipi kuhama?

Mwalimu, Marikebuni (mwanzisha mada)

Ndugu zangu wa Malindi, Magarini na Lamu, assalamu alaikum na amani iwe kwenu nyote. Nimefungua mada hii kwa sababu kila ikikaribia masika au vuli tunarudi kwenye swali lile lile, na wanaotujibu mara nyingi ni watu wasiolala kando ya mto. Utabiri husema kwamba upo uwezekano wa mvua kuzidi wastani, ilhali mwenye shamba anataka kujua kama avune mahindi yangali mabichi au ayaache yakomae. Hapo katikati hapana wa kutuamulia.

Naanza na jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba mto wetu haufurishwi na mvua yetu. Maji ya Sabaki hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Machakos na Makueni yakiitwa Athi, hukutana na mto Tsavo yakaitwa Galana, ndipo yakatufikia sisi baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo mtu anaweza kusikiliza utabiri wa pwani, akaambiwa kesho kuna jua, jua likawaka kweli, na usiku huo huo maji yakaingia nyumbani. Mimi siku hizi, redioni ikisomwa taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa, sehemu ninayoitegea sikio ni ile ya Nairobi na Ukambani, na ile ya pwani huifuata baadaye. Mvua za Aprili na Mei 2024, zilizoua zaidi ya watu 200 nchini, zilinyesha kwa wingi huko juu kabla hatujaona chochote hapa.

Naomba kila mmoja aeleze aliyoyaona mwenyewe: huangalia dalili gani, huhamisha nini kwanza, na hufanyaje utabiri unapobadilika.

Mkulima, Garashi

Ahsante, Mwalimu. Kwanza niseme kwa nini tuko hapa, kwa sababu kila mafuriko yakipita tunaambiwa tuhame moja kwa moja. Tope linaloachwa na mto ndilo linalotulisha. Shamba la kando ya Sabaki hutoa mahindi, ndizi na mboga katika miezi ambayo ardhi ya juu imekauka kabisa, na anayetutaka tuliache atuonyeshe kwanza shamba jingine la aina hiyo.

Dalili ninayoitegemea ni vijiti. Tunachomeka vijiti vya mti mgumu kwenye mteremko wa ukingo, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja tumekitia alama ya panga. Asubuhi na jioni mtu hushuka kuangalia. Maji yakipanda polepole na ukingo ukabaki na mstari wa unyevu juu yake, mto unapumua tu, hupanda na kushuka. Lakini yakimeza vijiti viwili baina ya asubuhi na jioni, yakawa mekundu mazito, na juu yake yakapita mabua, matawi na povu bila kukatika, hapo sisubiri tangazo la mtu yeyote. Na watoto hawashuki tena kuchota, kwa sababu mamba na viboko husogea kandokando maji yanapokuwa makali katikati.

Kitu cha kwanza kuhamisha ni mashine ya kuvuta maji. Wengi huanza na vyombo vya nyumbani, nami sikubaliani nao, kwa kuwa mashine ni nzito, inahitaji watu wawili, na njia ikishakuwa utelezi haibebeki tena. Ya pili ni mbegu, ambazo tunazitia kwenye madumu makavu na kuyaziba vizuri, kwa maana maji yakishuka ardhi huwa tayari kupandwa na mbegu dukani huwa zimepanda bei. Hati za shamba, vitambulisho na vyeti vya watoto hukaa ndani ya ndoo yenye kifuniko msimu wote, hata pasipo na wingu. Mbuzi hupelekwa kwa jamaa walioko juu.

Kuhusu utabiri kubadilika, kumbukeni mwaka 2023. Miezi ya katikati tulionywa juu ya mvua kubwa za El Nino, mwanzoni mwa Oktoba ikasemwa hadharani kwamba hatari imepungua, na Novemba tukaona wote mafuriko yaliyotokea. Tangu hapo familia yetu imegawa maamuzi mafungu mawili. Yale yasiyogharimu kitu, kama mbegu, hati na mashine, tunayafanya kwenye onyo la kwanza, na mvua isipokuja hatujapoteza isipokuwa jasho. Yale yenye gharama, kama kuvuna mabichi, tunayafanya kwa vipande: tunavuna mistari ya chini karibu na mto na kuiuza kama mahindi ya kuchoma, ya juu tunayaacha mpaka vijiti vitakaposema.

Mvuvi, Mambrui

Naongeza jambo la bahari, ambalo ndugu yetu wa Garashi halimgusi lakini sisi wa mdomoni mwa mto linatuumiza. Mto ukifika hapa umejaa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji ya bahari yakijaa huuzuia usitoke, nao hutanuka kuingia mashambani na kwenye njia. Mto wenye kimo hicho hicho ukija wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, hupita bila kusumbua sana. Kwa hiyo nikisikia bara kumenyesha, nahesabu mwezi. Ikiwa maji yatafika karibu na mwezi mpevu au mwandamo, nyumba za chini tunazishauri zitoke mapema.

Nyavu hatuzitegi karibu na mdomo wa mto siku hizo, kwani magogo yanayoshuka huzichana, na usiku huwezi kuyaona.

Kuna wanaosema idara hutudanganya, na mfano wao ni kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 tuliambiwa tusiende baharini, tukakaa; kimbunga kikaingia nchi kavu kisiwani Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, kikiwa kimepungua nguvu. Ni kweli kwamba kukaa bila kuvua ni njaa nyumbani, na hilo halipaswi kudharauliwa. Hata hivyo upepo kutotufikia kwa ukali uliohofiwa haufanyi onyo kuwa uongo, na waliokuwa njiani mwake walikipata.

Mkaazi, Moa, Witu

Huku kwetu Lamu mto ni Tana, na mambo yake ni tofauti kidogo. Juu kuna mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa likaanza kumwaga, taarifa hutolewa, na maji hupita Garissa, Hola na Garsen ndipo yatufikie. Nafuu yetu ni kwamba tunapata muda. Ubaya wake ni kwamba maji yakishafika hukaa majuma mengi, kwa sababu ardhi ni tambarare na hayana pa kwenda.

Jambo la kujiandaa nalo zaidi ni barabara. Mwaka 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen hadi Lamu pale Lango la Simba, na magari ya unga, mafuta na dawa yakakwama. Kwa hiyo tukisikia Garissa mto umevunja kingo, tunanunua unga, chumvi, mafuta ya taa na dawa za wagonjwa wa sukari na presha, kwa kiasi cha kutosha nyumba na jirani asiyejiweza. Ndugu zetu wa kisiwani nao wafanye hivyo, maana sehemu kubwa ya bidhaa zao hupita njia hiyo hiyo.

Mama muuza chakula, Malindi mjini

Sisi mjini maji ya mto hayatufikii mlangoni, ila mferejini. Maji ya Malindi, Kilifi na hata Mombasa hutolewa Baricho, kando ya mto huo huo, na mafuriko yakivuruga mitambo, mifereji hukauka mvua ikiwa inanyesha. Nikisikia mto umepanda, najaza mapipa yote na kuyafunika.

Muuguzi, Magarini

Naomba wanaohama wakumbuke wajawazito waliokaribia kujifungua. Wahamishwe kwanza, waende kwa jamaa walio karibu na kituo cha afya, hata kama mto bado haujapanda, kwa kuwa kumvusha mwanamke mwenye uchungu kwa mtumbwi usiku ni hatari kwa wote waliomo. Vyoo vya shimo vikifurika, kila kisima kilicho chini kihesabiwe kuwa kichafu mpaka kitibiwe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mtoto akiharisha maji matupu mfululizo, asisubiri asubuhi.

Kijana, Sabaki

Mwalimu, naheshimu yote yaliyosemwa, lakini kuna sababu moja ya watu kukataa kutoka mapema ambayo hamjaitaja. Ukihama kabla ya jirani, unarudi ukute mabati yameng'olewa na kuku hawapo. Wazee wetu hubaki kulinda, na hao ndio wanaozingirwa na maji.

Mwalimu, Marikebuni

Umesema kweli, mwanangu. Kwetu jambo hilo lilipelekwa kwa mzee wa kijiji, ikakubaliwa kwamba mtaa uhame kwa pamoja, na vijana wanaojua kuogelea wapige doria kwa zamu wakiwa upande wa juu, wawili wawili, na mtumbwi mmoja umefungwa karibu. Mabati na milango inayong'oleka tunaing'oa wenyewe na kuipeleka uwanja wa shule. Wazee walipoona mali iko mbele ya macho yao huko juu, walikubali kupanda. Kama huko Sabaki hamjakubaliana hivyo, mwoneni naibu wa chifu kabla ya vuli, nasi tutakuja kukaa nanyi katika kikao hicho.