Mdogo wangu ataka jeshi ili aende misheni za UN, mama hataki kusikia. Nisaidieni

BintiLangoni: Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu kamaliza fomu foo, sasa ataka KDF, jeshi letu la Kenya, na lengo lake ni hizi kazi za kulinda amani za UN. Mama akisikia jeshi akumbuka Somalia, hali hata chakula. Mimi ndo niko kati. Wenye kujua, hizi kazi historia yake ikoje, ni hatari kweli?

Baharia wa Mkomani: Waleikum salaam dadangu. Somalia si kofia za bluu, yaani askari wa UN, KDF waliingia wenyewe Oktoba 2011 na mwaka uliofuata wakawa chini ya AMISOM, ambayo ilikuwa misheni ya Umoja wa Afrika. Za UN zilianza 1948 kule Palestina, waangalizi wasokuwa na silaha, halafu 1956 Suez ndo wakapelekwa askari wenye bunduki, na sharti ni pande zote zikubali, usipendelee, usipige ila kujihami. Wakenya walikwenda Namibia 1989, uchaguzi ukafanyika na 1990 nchi ikapata uhuru. Kazi safi ile.

MwalimuMalindi: Hapo kwa pande zote kukubali ndo penyewe!! Pasipokuwa na amani ya kulinda askari yuwaingia mtegoni. Rwanda Januari 1994 Dallaire, kamanda wa askari wa UN kule, aliomba ruhusa avamie maghala ya silaha akakataliwa, Aprili mauaji yakaanza, Wabelgiji 10 wakauliwa, na Baraza la Usalama badala ya kumuongezea watu likapitisha wapunguzwe mpaka 270, wallahi hii yaniuma kila nikiifundisha. Sierra Leone Mei 2000 waasi waliteka karibu askari 500 wa UN, Wakenya wakiwemo, ndo baadae jeshi likaongezwa hadi 17,500, kamanda akiwa Jenerali wetu Daniel Opande, na vita vikaisha.

MamaShela: Mwanangu, mwambie huyo kijana kitu kimoja, UN haina jeshi lake, serikali ndo hutoa kikosi na mkubwa wake ndo hupanga nani aende. Aweza kutumwa msitu wa Boni, huku Lamu karibu na mpaka wa Somalia kupigana na al-Shabaab, miaka na hiyo kofia asiione. Kama hayuko tayari kwa Boni asijiandikishe.

BintiLangoni: Shukran sana. La Boni naanza nalo leo baada ya isha, wote wawili wakiwepo. Mwalimu, na Congo je? Mdogo wangu huitaja sana.

MwalimuMalindi: Congo ni nyingine kabisa. 2013 UN iliunda brigedi ya kushambulia waasi, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na Desemba 2017 Watanzania zaidi ya kumi waliuliwa kambini Semuliki. Akiitaja, mama naye awe aijua.